Moyo wa Mkimbiaji

Huku kwetu Arsi, nyanda za juu za Ethiopia, muuguzi akikuta mapigo ya moyo hamsini hashtuki. Nusu ya vijana wa mji ni wakimbiaji, na moyo wa mkimbiaji huenda polepole. Bultu, muuguzi niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, ana tabia inayotuchosha sote: huhesabu mapigo dakika nzima, hata foleni ikifika getini.

Asubuhi ile Kocha Tolera alituletea zahanatini Sifan, binti aliyeteleza mazoezini akagonga kichwa kwenye jiwe. Alikuwa anaongea, anatapika kidogo. Nilimpima mimi: mapigo sabini na sita, presha 110 kwa 70. Saa nne nikampima tena: mapigo hamsini na nne, presha 140 kwa 70. Alikuwa amelala. Nikaandika, "Anapumzika vizuri."

"Moyo wa bingwa huo!" Kocha akapiga makofi.

Saa sita Bultu akamshika mkono. Akahesabu, akarudia.

"Arobaini na mbili. Presha 180 kwa 70. Sielewi."

"Dada, huyu ni mkimbiaji," nikamwambia.

"Mkimbiaji amelala, presha inampanda ya nini? Hebu msikilize anavyopumua."

Pumzi tatu za haraka, kisha kimya, tunangoja, kisha tena. Nilichanganyikiwa kabisa. Presha ilinitisha, mapigo yalinituliza, nikashindwa niamini kipi. Hata Bultu alikuwa amekunja uso. Akamgeukia Kocha.

"Kocha, akiamka asubuhi mapigo yake huwa mangapi? Si huwa mnajipima?"

Kocha akababaika. "Huyu? Mgeni huyu, ana wiki tano tu mazoezini. Sabini na kitu."

"Basi hiyo si riadha! Kuna kitu kinaubana ubongo. Gari, haraka!"

Tukamwinua kichwa, tukamkimbiza hospitali kubwa. Wakamtoboa fuvu, wakatoa damu iliyokuwa imejikusanya ndani.

Sifan yuko hai. Anatembea kwa kuburuta mguu wa kulia, na kukimbia kumekwisha. Daktari alisema angefika mapema kwa saa mbili, huenda mambo yangekuwa mengine. Bultu hajanilaumu hata kidogo, na mimi natamani anifokee.

Juzi mama yake Sifan aliniletea mkate mkubwa, wa moto bado. Eti ananishukuru, kwa kuwa mimi ndiye niliyempokea mwanawe. Niliupokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, na sikumwambia nilichoandika saa nne.