Mama Usipa na Sista wa Kwenye Simu

Katika wanawake wa rika langu hapa Mbinga, sijaona anayeijua simu kunizidi. Juzi tu nimepiga picha sherehe nzima ya komunyo ya kwanza, na kila picha imetoka safi kabisa: kidole gumba changu, kutoka pande zote.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mwanamke anayezunguka vijijini kuwafundisha wazazi namna ya kuwalinda watoto na mambo ya mtandaoni, nilitarajia binti wa chuo, mwenye miwani na begi la kompyuta. Nimekutana na beseni la usipa.

Saa kumi jioni, Aurelia Kinunda anapandisha kilima kuelekea kitongoji kimoja cha Kata ya Namswea. Beseni liko kichwani, kopo la kupimia liko mkononi, na ndala zake zimebeba tope jekundu la mvua iliyokatika sasa hivi. Harufu ya usipa, dagaa hao wa Ziwa Nyasa, inatangulia. Yeye anafuata.

Haangalii milango ya nyumba. Anaangalia mapaa ya majiko.

"Jiko lisilotoa moshi saa hizi, ujue wenyewe wako kambi, shamba la mbali," anasema bila kugeuka. "Hapo ndipo pa kwangu."

Anapiga hodi. Hodi ya tatu inaitikiwa na watoto wawili, kaka na dada, wameshikilia simu moja kama wanaogombea hindi la kuchoma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mama yuko?"

"Yuko kambi."

"Baba je?"

"Naye."

"Na huyo anayecheka humo kwenye simu ni nani?"

Watoto wanatazamana. Aurelia hanyooshi mkono kuomba simu. Anatua beseni, anakaa kwenye gogo la kukatia kuni, anachomoa simu yake kwenye pindo la kitenge.

"Hebu nifundisheni. Mtu akiniletea picha humu, naifunguaje? Mimi bibi yenu sijui kitu."

Anajua. Lakini muda si mrefu watoto wamemzunguka, na wamemwonyesha kila kitu: mchezo wanaoucheza, na mtu wasiyemjua anayewapa zawadi ndani ya mchezo huo, kisha anawauliza wanasoma shule gani na jioni wanabaki na nani.

"Mtoto ukimnyang'anya simu, anaficha. Ukimwomba akufundishe, anamwaga yote," anasema tukishuka kilima. "Watoto wanapenda sana kumwona mtu mzima mjinga. Mimi nawapa wanachokipenda."

Aurelia ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa Liuli, ufukoni mwa ziwa, akaolewa huku juu Kingerikiti akiwa msichana. Usipa ananunua Mbamba Bay, anapanda nao kwa gari la mizigo, kisha anauza nyumba kwa nyumba. Wiki nzuri humwachia faida ya shilingi elfu thelathini hivi. Wiki ya mvua anakula mtaji. "Tena mtaji wenye miba," anasema.

Mumewe, Valeriani, alifariki miaka saba iliyopita. Watoto wao wawili wako mbali, mmoja Dar es Salaam, mwingine Makambako.

"Simu yangu inanikumbuka kuliko wanangu," anasema. "Kila asubuhi inaniamsha kuniambia salio langu halitoshi."

Anacheka peke yake, kisha anaacha. "Wananipigia Krismasi. Si watoto wabaya."

Amekaa huku milimani karibu miaka arobaini, na bado wanamwita wa ziwani. Kimatengo anakisikia chote. Akikijibu, watu wanacheka. Jioni anakula huku redio ikiwa imewashwa, hata kama ni taarifa za bei za mazao ya mikoa ambayo hajawahi kufika. Anasema ni kusudi mtu mwingine naye aongee.

Ili kuielewa kazi yake, lazima uelewe kambi. Familia nyingi za huku zina kahawa karibu na nyumba, lakini shamba la mahindi liko mbali, bondeni, ambako ardhi bado ipo. Palizi ikifika, baba na mama wanahamia huko kwa wiki kadhaa. Watoto wanabaki kwa ajili ya shule. Zamani waliachiwa bibi. Siku hizi wanaachiwa simu.

"Mzazi ananiambia, nimemwachia simu, sina wasiwasi," anasema Aurelia. "Ni kama mtu aseme, mlango nimeuacha wazi, kwa hiyo nyumba haiko peke yake."

Miaka mitatu iliyopita alichaguliwa kwenye kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto, akapelekwa semina Mbinga mjini. Wenzake walirudi na kofia na fulana. Yeye alirudi na swali: haya tuliyofundishwa atayasikia nani, kama kila tukiitisha mkutano wazazi wako kambi na wanaokuja ni wazee tusio na watoto nyumbani? Beseni ndilo lililompa jibu. Beseni linafika kila nyumba, na hakuna anayelifungia mlango.

Si kwamba anapokelewa kwa nderemo. Kule Mapera, mkulima mmoja wa kahawa, Ignatio, alimwona akiingia uani akaita kwa sauti ya kusikiwa na majirani:

"Wa ziwani! Leo unauza samaki au unauza hofu?"

"Usipa nauza, baba. Maneno ni nyongeza."

"Basi nipimie bila nyongeza. Simu ya kwangu nimeiweka namba ya siri, mtoto haigusi."

"Namba gani?"

"Ya siri nikutajie wewe?"

"Mwaka wako wa kuzaliwa," akasema Aurelia.

Ignatio akatafuta pa kuangalia. Mkewe, Hedwiga, aliyekuwa anachambua maharage barazani, akacheka mpaka ungo ukamwagika. "Hata kuku wa humu ndani wanaijua hiyo namba!"

Aurelia alimwacha acheke, kisha akamuuliza yule baba kwa upole: "Mwanao akikuta jambo baya humo, atakuja kwako?"

"Atakuja. Akinificha, nitamchapa."

"Na akija?"

Ignatio akafikiri. "Nitamchapa. Alikuwa anatafuta nini humo?"

Safari hii Hedwiga hakucheka.

Hapo ndipo penye kazi yote, anasema Aurelia. Anataka mzazi amtamkie mtoto, mbele ya shahidi, kwamba akisema ukweli hatachapwa wala kunyang'anywa simu, na mzazi asimame kwenye neno lake. Anataka simu ilale chumbani kwa mkubwa, au kwa jirani wazazi wanapokuwa kambi. Mtu yeyote akimwambia mtoto "usimwambie mama", basi mama ndiye awe wa kwanza kuambiwa. Ujumbe mbaya usifutwe hata kama unatia aibu, maana ndio ushahidi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto haimkati mtu salio. Jambo moja zaidi huwa analisema akiwa ameshaliinua beseni, na wazazi wengi wanaliona dogo: ukipiga simu nyumbani kutoka kambi, muulize mtoto habari zake yeye kabla ya habari za nyumba.

Mwaka huu nyongeza hiyo ilimfikisha kwa msichana ambaye tutamwita Winnie. Jina lake halisi na kitongoji chao vinabaki kwao.

Winnie ana miaka kumi na nne. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea. Kila wazazi wake walipokwenda kambi, yeye alibaki kuangalia nyumba na wadogo zake wawili wanaosoma. Mchana kutwa hakuwa na mtu wa kuongea naye. Wenzake wote wako sekondari.

Kwenye simu akatokea mtu aliyejiita Sista Ida. Picha yake ilikuwa na shela na rozari. Alisema ana nafasi moja katika shule ya masista, bure, na kwamba alikuwa anaomba Mungu ampatie binti wa kuijaza.

"Mimi ndiye niliyemwambia amtumie," anasema mama yake Winnie. Anazungumza akiangalia mikono yake. "Aliniuliza, mama, Sista anataka picha yangu ya kupimia sare. Nikasema, mwanangu, Sista akuombe kitu wewe ukatae? Nikamvalisha gauni la Pasaka. Nikampiga picha mwenyewe."

Tusimcheke. Huku kwetu Sista akipita njiani tunatua mizigo kumsalimia. Angekuwa mtu anayejiita tajiri wa Dar es Salaam, mama huyo angeizima simu na kuificha ndani ya gunia.

Wazazi walipoondoka tena kwenda kambi, Sista akasema ile picha haionyeshi vipimo vizuri. Akaomba nyingine. Winnie alituma. Akaomba ya tatu, na ujumbe ulioiomba ndio ambao Winnie hakutaka kumwonyesha mtu. Hiyo hakuituma. Lakini hakusema, kwa sababu akisema, simu itachukuliwa na jioni zitarudi kuwa vilevile.

Sista alisamehe haraka sana. Akasema basi, aje tu mwenyewe. Jumamosi asubuhi gari dogo litamsubiri stendi ya Mbinga. Asimwambie mtu, maana nafasi ni moja na majirani wana wivu.

Aurelia alifika kwenye nyumba hiyo Ijumaa.

Niseme mapema ili msomaji asikae roho juu: Winnie hakwenda stendi. Aurelia alilala hapo hapo na watoto, wazazi wakaitwa, wakapanda kutoka bondeni siku ya pili. Simu, pamoja na kila kilichokuwemo, ilipelekwa polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na uchunguzi unaendelea. Baba yake hakumchapa. Alikaa nje, ameipa nyumba mgongo, na mvua ilipoanza kunyesha hakuingia mpaka Winnie mwenyewe alipomfuata.

Sasa Aurelia ana mpango. Anataka kila kitongoji kipange zamu ya kubaki: palizi ikifika, mzazi mmoja abaki kuangalia watoto wa nyumba tano au sita, na wenzake walioko kambi wampalilie shamba lake. Kingerikiti wameshaanza kuuzungumza, kwa ubishi mwingi, jambo ambalo yeye analiona ni dalili njema. Watu hawabishani juu ya kitu wasichokusudia kukifanya.

"Na mimi waniweke kwenye zamu," anasema. "Sina mtoto nyumbani, lakini kelele nazipenda."

Ukimsifu kwamba alimzuia yule msichana, anakataa. Anasema angemwambia usiende, Winnie angeona ni wivu ule ule alioonywa. Anasimulia ilivyokuwa, na mama yake Winnie, aliyeusoma ujumbe wenyewe baadaye, anaitikia kwa kichwa.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo usipa unagombewa kwa sababu hakuna Mkatoliki anayegusa nyama. Aurelia alimkuta Winnie jikoni, begi la nguo limeegeshwa ukutani, limefungwa. Hakuliuliza. Aliomba kufundishwa simu, kama kawaida yake, na Winnie akamfundisha vizuri tu mpaka walipofika kwa Sista Ida. Hapo akakifunika kioo kwa kiganja.

"Huyu usimguse, bibi."

"Simgusi. Ni mtu mwema?"

"Baba akipiga anauliza nguruwe amekula. Mama akipiga anauliza kama kuni zipo." Winnie alisema huku akiangalia moto. "Huyu kila jioni ananiuliza mimi nimekula nini."

Aurelia anasema hapo maneno yake yote ya semina yalimwisha. Alijaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe aliulizwa swali hilo mara ya mwisho, akaona bora aache kukumbuka. Alimwaga usipa uliobaki kwenye ungo, wakaanza kuuchambua pamoja, kutoa mchanga.

"Na wewe umeshamuuliza yeye amekula nini?"

Winnie akatikisa kichwa. Swali hilo halikuwahi kumjia.

"Muulize, mjukuu wangu. Ni adabu tu."

Winnie akajifuta vidole, akaandika. Jibu likaja upesi, naye akalisoma kwa sauti, kwa fahari ya mtu mwenye mtu wake: "Leo tumepika wali na nyama, mwanangu. Hapa kwa masista tunakula vizuri. Kesho utakula na sisi."

Alipomaliza, alilirudia kimya, midomo ikicheza. Aurelia hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

Bila kuambiwa na mtu, Winnie akaandika tena. "Leo ni Ijumaa, Sista."

Wakasubiri. Kisha simu ikatetemeka, na Winnie akasoma, safari hii kwa sauti ndogo:

"Ndiyo mwanangu, najua. Na kesho ni Jumamosi, usichelewe stendi."