Vidole Vyangu na Vita vya Lelemama

Mwaka ule tulikula sima ya unga wa manjano, ule wa msaada, mpaka harufu yake ikashika kwenye mapazia. Tarehe siijui, shule sikusoma, chuo cha Kurani tu, lakini ladha naikumbuka: kama kulamba gunia. Ndio mwaka vidole vyangu vilipojulikana mtaa wetu mzima wa Kibokoni. Lelemama si ngoma ya kurukaruka. Wanawake husimama safu moja, wakacheza kwa shingo na mikono tu, taratibu, na mimi mwenye meno ya utoto niliwashinda. Sijisifu, ni kweli. Shangazi yangu Mwanakombo, mkubwa wa chama chao cha ngoma, alinisimamisha mbele ya safu harusini, nanukia asumini, nikaona raha ya peponi.

Lakini vyama vilikuwa viwili, na kila kimoja kikimtukana mwenziwe kwa nyimbo. Siku ile wale wa pili wakajibu: “Wakubwa wamewaishia, wametuletea kinda la kunguru!” Ukumbi mzima ukacheka, ukanitazama mimi. Mikono ilinifa papo hapo. Kesho yake shangazi akaja mbio, buibui halijamkaa kichwani.

“Wifi, nipe mtoto. Chuo aache kwanza, kila alasiri aje kwangu afunzwe. Wale tutawatoa jasho!”

Mama alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi. “Harusini acheze na wenziwe, akichoka akae. Chamani haendi. Mtoto hapigani vita vya watu wazima.”

“Mcheza kwao hutunzwa, wifi! Au waona wivu?”

“Naona. Kunywa chai.”

Nyuma ya mlango nilishusha pumzi kama aliyetuliwa mtungi kichwani. Mchana nikala sima ile sahani nzima, nikaiona tamu.

Mpaka leo nacheza, goti likikubali. Siku hizi watoto wana ngoma Jumatatu, kuogelea Jumanne, karate Jumatano. Furaha ndiyo haikupangiwa siku. Mjukuu wangu anacheza kunishinda, mashallah, na mimi sikuwa mchezo. Juzi mamake akanijia na simu mkononi: kina mama wa shule yao na wa shule jirani wanarushiana maneno juu ya mashindano ya ngoma, sasa ataka mtoto afanye mazoezi kila siku, hata Ijumaa.

“Mama, sema naye, wewe akusikiza.”

Nikamtazama mtoto, amejibana mlangoni, mikono imemlegea. Nikasema na mamake, si yeye.

“Mtoto hapigani vita vya watu wazima.”