Mtoto wa Mti Ndani ya Friza

Nina hasira za karibu, na kazini wanalijua hilo. Kwa hiyo bibi mmoja kutoka Mgeta aliposimama mlangoni mwa ofisi yangu na kapu la njegere, akasema amekuja kumchukua mtoto wake, nilimjibu bila kuinua kichwa kwamba hapa ni makumbusho, watoto huja na walimu wao na huondoka nao.

"Shikamoo umeiacha nyumbani?" akauliza.

Nikaona aibu. Nikamwamkia, akaitikia, akatua kapu, akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikabaki nimesimama ofisini kwangu mwenyewe.

Makumbusho yetu ni madogo, vyumba viwili tu hapa Morogoro mjini, na mimi ndiye mhifadhi, mwandishi wa vibao, mfuta vumbi na mkali wa zamu. Siku kumi hivi kabla ya bibi yule kuja, bwana mmoja alituletea mwana hiti, yule mtoto wa mti ambaye Waluguru humpa mwali akiwa ndani. Mwali humwogesha, humpaka mafuta, humbeba na kulala naye, ajifunze kulea. Hana mikono wala miguu, ana kiwiliwili kilichonyooka, kitovu, na nywele zilizochongwa mafungu mawili utosini. Bwana yule alikuwa amemkuta kwenye sanduku la marehemu baba yake, akaona heri akae pazuri kuliko kuliwa na wadudu. Alikuwa na nia njema kabisa. Nami nilimpenda mtoto yule mara moja, kwa pupa, kama mtu anavyopenda kitu ambacho tayari ameshakichagulia mahali pa kukaa.

Nilimwomba bwana yule kitambulisho, namba ya simu na sahihi. Swali ambalo mtu yeyote wa Uluguru angeanza nalo, mama yako ni wa ukoo gani, sikuliuliza.

"Huyo bwana aliyekuletea ni mtoto wa kaka yangu," bibi akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha mgeni. "Kaka yangu ndiye aliyekuwa mjomba mkubwa wa ukoo wetu, alitutunzia vitu vya ukoo. Lakini mwanawe ni wa ukoo wa mama yake. Hawezi kutoa cha kwetu. Wewe si Mluguru?"

"Baba ni Mluguru. Mama ni wa Singida."

"Aaa," akasema, na sauti yake ikalainika, jambo lililoniuma zaidi. "Basi wewe ni wa Singida, mwanangu."

Mjukuu wake, mtoto wa binti yake, alikuwa ndani tangu alipomaliza la saba. Mwanzoni mwa Januari angekwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, na kabla ya hapo lazima achezwe na kutolewa nje. Mama yake alimlea mwana hiti huyohuyo, na bibi mwenyewe pia. Sasa mwali alikuwa akimwuliza bibi kila asubuhi mtoto wake yuko wapi.

"Naomba nimwone," bibi akasema.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Mti ule ulikuwa na matundu ya wadudu, na sisi wahifadhi tuna dawa moja ya wadudu wa mbao isiyo na sumu, nayo ni baridi kali. Unakifunga kitu kwenye nailoni, unatoa hewa, unakiweka kwenye friza wiki mbili. Nikampeleka stoo, nikafunua mfuniko. Bibi akachungulia.

"Mmemlaza mtoto kwenye baridi ya samaki?"

Nilijitetea. Nilisema habari za mayai ya wadudu, nikasema habari za nyuzijoto, nikapandisha sauti, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia mjinga. Yeye alikuwa ameshamtoa, amemkumbatia na nailoni yake, anampulizia pumzi. Nilimsihi asifungue mpaka kesho, kwa sababu mti ukitoka kwenye baridi ukapata hewa ghafla, unalowa na kupasuka. Hilo alilielewa haraka kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha. Akamwacha stoo, akaenda kulala kwa ndugu yake mtaa wa Kilakala.

Jioni ile nilimpigia mkuu wangu aliyeko Dar es Salaam. Akasema kitu kikishaingia daftarini hakitoki bila kikao, na kikao ni katikati ya Januari. Nikamwambia mwali atakuwa ameshakwenda shule. Akasema basi tuwape picha yake kubwa, ya rangi. Nilikata simu kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi.

Asubuhi nilimkuta bibi ameketi kwenye ngazi. Tulifungua nailoni pamoja. Akampapasa mtoto mgongoni, akaguna kwamba ngozi imekauka, lazima apate mafuta ya nyonyo.

"Nakwenda sokoni. Mshike."

"Mpumzishe hapo mezani, bibi."

"Mtoto aliyetoka kuumwa hawekwi mezani. Wala hapelekwi sokoni kwenye zogo. Na vua hivyo vifuko vya mikono."

Nikavua glovu. Miaka yote hii ya kazi nimeshika mamia ya vitu vya watu hawa na sikuwahi kushika kimoja kwa mkono mtupu. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyomwandika daftarini. Pale chini ya shingo mti ulikuwa laini sana, umelika kwa vidole, na kidole changu kiliingia palepale bila kutafuta. Nilikaa. Simu ya mezani iliita, sikupokea, maana mikono ilikuwa na kazi. Bibi alichelewa, nadhani makusudi, na aliporudi na kichupa chake alinikuta natembea chumbani nikimpigapiga mgongoni. Hakucheka. Nilimshukuru moyoni kwa kutocheka.

Sikumpa fomu. Nilimsaidia kumfunga mgongoni kwa kanga, nikabeba kapu lake mpaka kwenye gari la Mgeta, na njegere nilizolazimishwa kupokea nikazipika usiku huohuo. Kesho yake nilimwambia mkuu kwamba mwana hiti ameondoka na wenyewe, na ruhusa nimetoa mimi. Barua ya onyo ilikuja kwa mhuri mwekundu. Ilikuwa na haki, kwa utaratibu wetu, nami niliisaini.

Lakini nilikuwa na wasiwasi ambao haukunipa nafasi ya kula. Jikoni kwao kule milimani kuna moshi, nje kuna ukungu, na mti ule ulikuwa umetoka kwenye baridi juzi tu. Baada ya wiki nilishindwa, nikampigia bibi. Nilikuwa nimeyaandika maswali kwenye karatasi: nyufa, unga wa wadudu, unyevu, mahali anapowekwa. Akapokea, nikamwamkia vizuri, kisha karatasi nikaiona haina maana.

"Bibi," nikasema, "mtoto hajambo?"

"Hajambo," akajibu. "Ngoja nikupe mama yake umsikie."