Unyayo Uliokwenda Geita

Binti wa jirani yangu hufagia uwanja kwa matawi kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nikisikia majani yale makavu yakikwaruza mchanga huinuka na kuanza kuzunguka ndani ya nyumba. Wajukuu huniuliza, "Bibi, unatafuta nini?" Sitafuti kitu. Ni miguu tu inayokumbuka kwamba zamani kulikuwa na mtu nyuma yake, anafuta kila ilipokanyaga.

Mtu huyo alikuwa bibi yangu mzaa baba, jina lake Minza. Tulikaa Ngokolo, Shinyanga, siku hizo Ngokolo ikiwa mashamba ya pamba na mtama, si mitaa na mabati kama mnavyoiona leo. Ile vita kubwa ya Wazungu ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma. Baba alikuwa Geita, anashuka chini ya ardhi kuchimba dhahabu ya wenyewe, na nyumbani tulibaki mimi, mama na bibi. Mwenye amri alikuwa bibi.

Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha, nikaitwa Kabula, na tangu siku hiyo sikujua kutulia. Mungu alinipa roho ya kukimbia, halafu sijui aliwaza nini, akanipa nyayo zisizotaka. Mtu mwingine akikanyaga tope, katikati ya unyayo wake hubaki pengo. Mimi nilipiga muhuri mzima, kisigino hadi vidole, na watoto wenzangu wakaniita Bata. Jina ningelivumilia. Maumivu ndiyo yaliyonishinda: yalianza upande wa ndani wa kifundo, yakashuka chini ya unyayo, yakapanda mpaka gotini. Nikisimama nilitaka kukaa, nikikaa nilitaka kusimama. "Mwenda pole hajikwai," mama alinifariji. Niliwahi kwenda pole, nikajikwaa vilevile.

Bibi alikuwa na maelezo yake. Kwetu unyayo haukuwa alama tu. Ng'ombe akipotea, wanaume waliinama wakasoma mavumbi, wakakwambia alipita na nani na kama walikuwa na haraka. Basi kitu kinachosomwa huweza pia kuchukuliwa. Mwenye nia mbaya anachota udongo wa pale ulipokanyaga, anaufunga katika kitambaa, na kuanzia hapo mguu wako si wako tena. Bibi aliamini nyayo zangu, nzima namna ile, mtu angezichota hata amefumba macho. Kwa hiyo kila nilipotoka alinifuata na tawi, akifagia nyuma yangu hadi barabarani, huku yeye mwenyewe akichechemea. Watoto walisimama kututazama. Nilitamani ardhi inimeze, nyayo na yote.

Mwaka ule mama alikuwa ameniombea nafasi katika shule ya misheni mjini. Kwa msichana, siku zile, haikuwa jambo dogo. Mwalimu alikubali kunipokea shule itakapofunguliwa, kwa sharti kwamba niweze kwenda na kurudi kila siku kama wenzangu. Miguu ikishindwa, nafasi ingepewa mwingine. Neno hilo "mwingine" lilininyima raha kabisa. Nilimwona huyo mwingine, miguu yake mizuri, amekaa kwenye dawati langu.

Hapo ndipo mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mama mkwe wake hata kwa kikohozi, aliponifunga mgongoni, mtoto mkubwa nilivyokuwa, akanipeleka hospitali.

Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyetupokea, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya usingizi. Alinimwagia maji miguuni, akanisimamisha juu ya sakafu ya saruji, kisha akanivuta pembeni tuione alama.

"Mama Kabula, unaona? Hapa katikati panatakiwa kuwe na uvungu. Kwake hakuna. Mguu wote unalalia ndani, ndiyo maana anaumia."

"Kwa hiyo atachomwa sindano," mama alisema.

"Hakuna sindano ya hili, mama."

Mama alinywea. Hospitali bila sindano aliiona kama msiba bila chakula. Dresa akatuagiza mambo mawili: niwe naokota karanga kwa vidole vya miguu kila asubuhi na jioni, na nitafutiwe viatu vyenye kitu cha kuinua katikati. Vya dukani visingefaa. Tutafute fundi.

Karanga niliziokota, na kuku wakaijua ratiba yangu kuliko mimi. Viatu vilikuwa shida. Mama alimtumia baba salamu kwa dereva wa lori la pamba, na dereva yuleyule akarudi na jibu: mgodini kuna fundi anayeshona buti za wachimbaji, ameshawahi kutengeneza viatu vya namna hiyo, ila hawezi kukata ngozi bila kuona unyayo. Mtoto akanyage karatasi, apakwe kitu cheusi, karatasi ipelekwe Geita.

Bibi alikuwa anachambua choroko. Aliweka ungo chini.

"Unyayo? Upakiwe kwenye lori?"

"Ndiyo, mama," mama alijibu taratibu.

"Wachawi wenyewe huja kuiba. Huyu anataka apelekewe."

Akaokota ungo wake, na kwake yeye mjadala ulikuwa umekwisha. Jioni ile mama alisonga ugali kwa kishindo, na kesho yake hivyohivyo. Mimi nilizunguka kati yao nikilia, nikinuna, nikikataa hata michembe, vile viazi vikavu nilivyovipenda. Siku zilikuwa zinakwenda, na shule ilikuwa inakaribia. Halafu asubuhi moja, mama akiwa shambani, bibi aliniita bila kisa.

"Njoo, mke mwenzangu." Ndivyo alivyonitania siku zote. "Leta hiyo karatasi ya sukari. Nitakupiga huo unyayo mwenyewe."

Alichanganya masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo, akanipaka nyayo zote mbili polepole. Nilicheka kwa mtekenyo, akanipiga kofi dogo la pajani nitulie. Nikakanyaga. Nyayo zangu zikatoka nyeusi, pana, bila pengo lolote. Akanituma nikaoshe miguu kwenye birika la ng'ombe, na niliporudi karatasi ilikuwa imeshakunjwa na kufungwa kamba ya katani. Miguu ya bibi nayo ilikuwa na masizi. "Nimekanyaga bakuli," alisema. Sikuuliza zaidi. Nilichotaka ni lori lije liichukue.

Lori likaichukua. Baada ya hapo, wenzangu, sikutulia kabisa. Kila vumbi lililoinuka upande wa barabara nilipanda juu ya kichuguu kuangalia, na kila nikishuka miguu ilinilipiza. Nilimuuliza mama fundi anashona kwa mkono gani, ngozi inakauka kwa muda gani, baba ana likizo lini, hadi akaniambia niende nikawaulize mbuzi.

Baba alikuja mwenyewe, amekonda, na kifurushi kwapani. Nilimrukia kabla hajasalimia watu. Akafungua: viatu vya ngozi nyekundu, soli ya tairi, kamba mpya, na ndani, kila kimoja, kipande cha ngozi kilichoinuka mahali penye uvungu. Vilinukia nta. Baba akapiga goti, akanivika, akafunga kamba, akaniambia tembea.

Nikatembea, viatu vikabaki nyuma.

Baba aliviokota akavigeuzageuza. Akachomoa ile karatasi mfukoni, akaitandika chini, akaweka mguu wangu juu yake. Unyayo wa karatasini ulinizidi mbele na nyuma, ila nao haukuwa na pengo katikati.

"Nilipoiona nilisema, mtoto wangu amekua hivi na mimi sipo," alisema. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa ameishi muda wote ule na mtoto mkubwa ambaye hakuwepo. "Huu ni mguu wa nani?"

Mama alimtazama bibi. Bibi alitazama choroko zake.

"Ni wangu," alisema. "Wa mtoto niliuchoma jikoni."

Baba aliikunja karatasi. Mama yako humfokei. "Mama, nimetoka navyo Geita," ndilo neno pekee alilopata.

"Na ungerudi na laana kutoka hukohuko. Mimi wa kwangu walishauchukua zamani, nikiwa kama huyu. Hauchukuliwi mara mbili. Nikaona bora uende uliokwisha kuharibika."

"Ulichukuliwa na nani?" mama aliuliza.

"Holo."

Holo alikuwa mwanamke mzee wa ng'ambo ya korongo. Moshi wa jiko lake tuliuona kila siku, na hatukuwahi kwenda kwake wala yeye kwetu. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya korongo. Bibi akaeleza, bila kuinua uso, kwamba walikuwa wasichana pamoja, wakicheza ngoma pamoja, wakilala kitanda kimoja. Siku moja walikuwa wakitoka kisimani, ardhi mbichi, Holo akiwa nyuma yake. Hazikupita siku nyingi miguu ikaanza kumuuma. Nyuma yake hakukuwa na mtu mwingine, basi akajua.

Mimi ya Holo sikuyajali. Nilivirusha viatu vile uwanjani, nikalia kilio cha mtu aliyefiwa, maana niliona nafasi yangu ya shule inakwenda. Baba alikuwa na siku chache tu. Aliketi, akasimama, akaketi tena. Naona kutotulia nimerithi kwake. Mwisho akasema, "Basi nitaondoka naye."

Tulimwangalia bibi. Alipepeta choroko zake.

"Kama mguu unakwenda Geita," alisema, "uende na mwenyewe, na urudi naye."

Nikapanda lori na baba, tukapitia Kahama, nimekaa juu ya magunia, kila kona nikiuliza kama tumefika. Fundi alikuwa na banda karibu na njia ya wachimbaji, limejaa buti zilizopasuka. Alinipima mguu kwa uzi, akakata, akanijaribisha, akapunguza, akaniambia nikitikisika tena atanishona pamoja na kiatu. Nilirudi Ngokolo kwa lori lilelile nikiwa nimevaa viatu vyangu, na nilivivua siku ya pili baada ya kulazimishwa. Sikupona kwa mara moja. Jioni nyingine miguu iliniuma hadi machozi. Lakini shule ilipofunguliwa nilifika, kesho yake nikafika tena, na yule mwingine hakupata dawati langu.

Ilikuwa siku zilezile nilipomkuta bibi nyuma ya nyumba. Alidhani nimetoka. Alikuwa amevaa viatu vile vikubwa, kamba hazijafungwa, anatembea kutoka ghalani hadi zizini na kurudi, tena na tena, kanga ameinyanyua ili aione miguu yake.

"Kumbe watu mnatembeaga hivi," alisema aliponiona.

Nilicheka, nikidhani ni utani wetu. Yeye hakucheka.

"Yule fundi aliweka dawa gani humu ndani?"

"Hakuweka dawa, bibi. Ni kipande cha ngozi."

"Na alipokuwa anashona hakusema maneno?"

"Alisema niache kutikisika."

Bibi alikaa chini palepale. Alimuuliza tena mama jioni, kisha akamuuliza dereva wa lori, ambaye hakujua lolote. Kwa siku kadhaa hakuchukua tawi lake. Nilitoka na kurudi, nyayo zangu zikajaa uwanja mzima, na hakuna aliyezifuta. Sikupenda ukimya ule. Nilitamani hata anigombeze.

Halafu akaniambia nimsindikize ng'ambo ya korongo.

Holo alikuwa amekaa kwenye mkeka akibangua karanga, ametugeuzia mgongo. Alisikia tunakuja, hakugeuka.

"Nani huyo? Mwendo siujui."

"Ni mimi. Minza."

"Minza anachechemea."

"Nimeacha," bibi alisema.

Hapo Holo aligeuka. Walisalimiana salamu ndefu za Kisukuma, moja baada ya nyingine, kama wageni kabisa. Bibi akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka, akachukua karanga na yeye akaanza kubangua. Mimi niliamkia, nikaitikiwa, nikapewa karanga, nikazimaliza, nikawa sina la kufanya. Nilikwenda mlangoni nikarudi. Nilivuta kanga ya bibi. Sikujua karanga chache zinaweza kuwashughulisha wanawake wazee wawili muda mrefu namna ile.

Mwishowe Holo ndiye aliyeuliza, bila ukali, macho yake kwenye maganda.

"Uliniona na kosa gani, Minza, miaka yote hiyo usije?"

Bibi alibangua karanga moja, akaiangalia.

"Miguu ilikuwa inauma," alisema.

Niliona ni jibu la kawaida, tena la kweli. Nani asiyejua miguu ikiuma mtu haendi mahali. Nilikuwa tayari nimesimama njiani, nimevaa viatu vyangu, nahangaika kuondoka. Ilinichukua hadi uzee wangu mwenyewe, na mimi nikiwa na milango kadhaa ambayo sijaigonga, ndipo nikaelewa bibi alikuwa amebeba nini pale mkekani, miaka yote ya kumshuku bure rafiki yake, na kwamba hakukuwa na namna nyingine ya kukitua. Nikikumbuka sasa huumia kwa ajili yao wote wawili, lakini zaidi kwa ajili ya Holo, ambaye alisogeza karanga katikati yao ili bibi azifikie, akasema polepole:

"Ungeniambia, ningekuja mimi."