Siku Zahanati Yetu Ilipoulizwa Bungeni

Wenzangu wanaota nyumba za ghorofa. Mimi tangu utotoni, kwetu Kisarawe, nilikuwa naota nimesimama mahali pakubwa, nasema "Mheshimiwa Spika," na watu wote wananyamaza kunisikiliza. Shule niliishia kidato cha nne. Matokeo yalikuja, tukayapokea hivyohivyo yalivyo, nikaenda mahali panapoitwa Kwa Mathias kujifunza ushonaji kwa mama mmoja wa Moshi mwenye kibanda cha cherehani karibu na stendi. Nikipiga pasi nguo za wateja, kichwani nilikuwa nalihutubia Bunge. Bosi wangu alishanizoea.

"Mheshimiwa," ananiambia, "suruali ya watu inaungua."

Dada yangu ameolewa upande wa Dutumi, kwenye kijiji ambacho sitakitaja jina kwa sababu ya haya nitakayoyasema. Wakati huo alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza uchungu ulimshika masika. Wakampakia kwenye bodaboda kumkimbiza kituo cha afya Mlandizi, akajifungulia njiani, kwenye matope, na yule mtoto hakuishi. Dada hakuwahi kunisimulia siku ile yote. Ila mimba hii ya pili ilipoingia, alianza kuniuliza kila nikienda, "Mdogo wangu, mvua mwaka huu itachelewa kuisha?" Mimi najibu itawahi, kana kwamba nimeongea na mawingu.

Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba zahanati ilikuwepo, palepale kijijini. Wanakijiji walichimba msingi wenyewe, shemeji alifyatua matofali mpaka viganja vikachubuka, serikali ikaja ikapaua na kupiga rangi. Jengo zuri, bati la bluu. Halafu likatiwa kufuli. Ndani hamna kitanda, hamna dawa, na nesi ndiyo kabisa.

Sasa nije kwenye kosa letu, na nasema letu kwa sababu mikono yangu ilikuwemo.

Siku moja ikaja taarifa kwamba wageni wa Serikali wanakuja kukagua jengo. Kijiji kizima kikapata homa ya aibu. Mama mkwe wa dada, mama mwenye sauti ya kuita mtu aliye shamba la tatu, alisimama katikati ya uwanja.

"Wageni waingie kwenye nyumba tupu? Wasimame ukutani kama mijusi? Tutaonekana watu gani sisi?"

Basi mambo yakaenda kama tunapokea posa. Huyu akatoa kitanda, yule godoro, yule neti aliyoifua usiku wa jana. Mama mmoja aliyewahi kuuza dawa dukani Mlandizi akaombwa asimame mlangoni kuwakaribisha wageni kwa sababu anajua kuongea vizuri, naye akavaa blauzi nyeupe. Dada akakaa kwenye benchi na kadi yake ya kliniki. Na mimi, fundi nguo, nikatandika mashuka. Nilikunja zile pembe mpaka nikazisifia mwenyewe.

Wageni walifurahi sana. Walipiga picha, wakaandika, wakala wali kwa kuku. Hakuna aliyewaambia yule mama ni nesi, na wao hawakuuliza. Walipoondoka, kila mtu akabeba chake akarudi nacho kwake. Kufuli likarudi mlangoni. Tukasubiri matunda ya ukarimu wetu.

Miezi ikapita, kimya. Tumbo la dada likawa linaonekana hata akijifunga khanga mbili.

Ndipo mbunge akaja kufanya mkutano kabla ya kwenda Dodoma. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Wakasimama watu wa barabara, wakasimama watu wa maji. Mbunge akauliza, "Na zahanati? Ninavyoelewa mimi ile imekwisha, inafanya kazi. Nilionyeshwa mpaka picha, ina vitanda na mashuka."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama mkwe alikuwa anaangalia mlima ambao haupo. Nikamtazama dada, naye alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Sijui miguu yangu ilipata wapi ruhusa, nikajikuta nimesimama.

Ile hotuba yangu ya miaka yote ilinikimbia. Hata "Mheshimiwa" nilisahau.

"Shikamoo," nikasema. Watu wakacheka.

"Marahaba, binti. Sema."

"Yale mashuka nilitandika mimi. Vitanda ni vya hawa akina mama, na magodoro ni ya kwao. Vyote vilirudi majumbani jioni ileile. Nesi hatujawahi kumwona. Hatukutaka kudanganya, tulikuwa tunapokea wageni."

Mwenyekiti akaruka. "Wewe binti ni mgeni hapa! Kisarawe kwenu mmemaliza ya kwenu mpaka uje kutuvua nguo huku?"

"Hawajamaliza!" mzee mmoja akadakia kutoka nyuma. "Ila fundi nguo akikuvua nguo, atakushonea nyingine. Mwache aseme."

Mbunge hakucheka. Aliuliza tu, "Magodoro ya nani, umesema?" Nikarudia, naye akaandika kwenye kidaftari chake taratibu, kama mtu anayeandika anuani ya nyumba.

Mwezi ule uliofuata ulikuwa mgumu kwa dada kuliko kwangu. Mimi nilirudi Kwa Mathias, yeye akabaki. Mama mkwe alikuwa anampitishia maneno kwa shemeji, "Mwambie mkeo chumvi imekwisha," na wako jiko moja. Dada alinipigia simu akaniambia, "Umefanya ninuniwe na nyumba nzima. Lakini usijutie."

Nilijuta hata hivyo. Nililia nikiwa napinda pindo la suruali.

Asubuhi ambayo swali letu lilipangwa kuulizwa, bosi aliegemeza simu yake kwenye kopo la nyuzi, akazima cherehani, akawaambia wateja wasubiri. Wateja nao wakasogea kusikiliza. Mbunge akasimama: ni lini Serikali itapeleka wauguzi na vifaa katika zahanati ile? Naibu Waziri akasimama na karatasi yake, akasoma vizuri kabisa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa huduma za afya kwa wananchi, na kwamba kwa mujibu wa taarifa zilizopo zahanati hiyo imekamilika na inatoa huduma.

Mbunge akasimama tena.

"Mheshimiwa Spika, ahsante. Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri..."

"Majibu mazuri yapi?" nikapiga kelele. "Yapi? Ametuuza!"

"Nyamaza wewe," bosi akanipiga begani na futi ya kupimia. "Hivyo ndivyo wanavyoanza. Mbunge hata akitukanwa atasema majibu mazuri. Sikiliza kinachofuata."

Kikafuata. Mbunge alisema ana maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, je, Naibu Waziri anafahamu kwamba vitanda na magodoro yaliyo kwenye taarifa yake yalikuwa ya akina mama wa kijiji, walioyatoa majumbani kwao ili wageni wa Serikali wasikute nyumba tupu, na kwamba usiku uleule waliyalalia wenyewe? La pili, je, yuko tayari kuongozana naye kwenda kujionea?

Bungeni wakapiga meza. Kule kibandani wateja wakapiga meza ya kukatia vitambaa, mpaka mkasi ukaanguka. Naibu Waziri aliposimama safari hii hakuangalia karatasi. Alisema amepokea, taarifa zitarekebishwa, wauguzi na vifaa vitapelekwa, na kuongozana yuko tayari, tena mapema. Bosi akanikumbatia. "Mheshimiwa," akasema, na safari hii hakuna suruali iliyokuwa inaungua.

Maneno yangu yamesemwa Dodoma. Nilitembea stendi nzima siku ile nikiona kila mtu ananijua.

Lakini kazi ngumu ilikuwa bado: kupokea mgeni bila kumtandikia. Siku Naibu Waziri alipokuja, nilifika kijijini alfajiri na kumkuta mama mkwe keshatoka na stuli kichwani, anaelekea zahanati.

"Mama, hapana," nikamwambia.

"Kastuli kamoja tu."

"Mama, hata kamoja."

"Waziri mzima, mwanangu! Asimame?"

"Leo asimame."

Akaiweka ile stuli chini, akaikalia mwenyewe palepale njiani, akaanza kulia. Akaniambia kwamba yule mjukuu wa kwanza ni yeye aliyemfunika, kwa ushungi wake mwenyewe, kule kwenye matope. Mimi sikuwa nalijua hilo. Nilidhani amenuna kwa ajili ya aibu ya kijiji tu. Nikapiga magoti nikamwomba radhi, akaniinua kwa sikio, kwa upole.

Naibu Waziri alikuta chumba cha kwanza kitupu, cha pili kitupu, cha tatu kitupu. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa anafungua milango, na kila mlango alisema kwa sauti, "Hapa hamna kitu, mheshimiwa," kwa fahari ya ajabu, kama anaonyesha mali. Mgeni alisimama muda wote, na alipoondoka alikuwa amepiga simu mbili mbele yetu.

Vitanda vilifika na lori. Baadaye kidogo wakafika wauguzi wawili, na mmoja alikuwa mkunga, dada mdogo tu wa umri wangu, mwenye kicheko cha karibu. Kijiji kilitaka kumpa kuku watano siku ya kwanza. Alipokea mmoja.

Uchungu ulimshika dada mvua ikiwa bado inanyesha. Alitembea kutoka nyumbani mpaka zahanati chini ya mwavuli wa shemeji, anasimama, anapumua, anaendelea. Mimi na mama mkwe tulikaa kwenye benchi la nje tumeshikana mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Saa nne asubuhi mkunga akatoka, ameloa jasho, akasema ni wa kike, ana nguvu, na mama yake anaulizia chai.

Mama mkwe alipiga vigelegele kwa ile sauti yake. Walioko mashambani wakaacha majembe wakaja.

Kesho yake, aliporuhusiwa, dada alirudi nyumbani kwa miguu yake, polepole, anacheka na kila aliyetoka mlangoni kumtazama. Mama mkwe alimbeba mjukuu wake. Mimi nilikuwa nyuma yao na beseni la nguo, naimba wimbo niliokuwa nautunga palepale, na maneno yakiniishia narudia tu.