Mkono Nilioudaka Karibu na Posta

Hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke initie ndani, lakini mmenichokoza wenyewe, basi sikilizeni. Miaka michache baada ya uhuru nilitoka kwetu Suna kwenda kuitembelea Nairobi kwa mara ya kwanza. Atieno, msichana wa Rusinga niliyetaka kumwoa, alikuwa huko kwa kaka yake, tukaahidiana kwa barua tukutane karibu na posta saa nne ("nitakuja na mtu," aliandika, na mimi wala sikuuliza mtu gani).

Ujinga wangu ulianzia kwenye saa ya baba, ile ya mnyororo, niliyoamua kuichukua ili nionekane mtu. Rafiki yangu alinionya: "Omera, ndugu yangu, huko wezi wa mfukoni ni wengi, usitembee ukishangaa." Nikaifungia ndani ya koti kwa pini. Lakini ningeachaje kushangaa? Maua ya zambarau yalikuwa yakidondoka taratibu barabarani, vioo vya maduka vinanionyesha mimi mwenyewe nikipita kama mtu aliye usingizini, na kila hatua kumi nafungua pini, napapasa saa, naona ipo, nasahau kufunga, naelea tena.

Mara nikahisi vidole kwenye koti. Nikaudaka mkono ule kwa mikono miwili, Kiswahili chote kikanitoka, nikapiga kelele kwa Kijaluo, "Jakuo! Jakuo!" (yaani mwizi), na watu wakajaa. Kumbe ni mama mtu mzima, kitambaa kichwani, naye akanijibu kwa Kijaluo hicho hicho, kwa upole: "Mwanangu, mnyororo wako unaning'inia, mimi narudisha tu."

Bado nimemng'ang'ania, nikasikia sauti ya Atieno nyuma yangu: "Wewe! Mwachilie mama yangu!"

Jamani, mnajua kwetu mtu hampi mama mkwe hata mkono wa salamu, na mimi nimeukamata mbele ya Nairobi nzima na juu ya hayo kumwita mwizi. Niliona ndoa yangu inadondoka pamoja na yale maua. Nikamwachia, nikapapasa mfuko, saa haipo. Mwizi mwenyewe alikuwa kati ya waliokuja kutazama.

Mwezi mzima kimya. Kisha Atieno akaniandikia: "Mama anasema uje Rusinga. Anasema mtu anayeng'ang'ania hivyo hataniacha."

Sijamwacha. Ila mama mkwe akiingia kwetu, mikono yangu yote miwili naitia mifukoni mwangu, na humo siku hizi siweki kitu.