Maua ya Kiherehere

Mke wangu alizaliwa milimani, Lushoto. Mimi ni mtoto wa Tanga mjini. Tulipohamia Alexandria, ile ya Marekani, nikawa dereva wa teksi, na siku moja nilimpeleka abiria mbali, upande wa magharibi ambako milima inaanzia. Wakati wa kurudi niliona watu kando ya njia wakijaza madumu kwenye bomba la chemchemi. Jumapili iliyofuata nikampeleka mke wangu, na tangu hapo tulikwenda kila tulipopata nafasi, kwa karibu miaka tisa.

Mimi nilijaza madumu. Yeye maji aliyaonja tu, akasema yanamuuma meno. Alichofuata ni mimea. Alikaa juu ya jiwe akiangalia yaliyoota kwenye tope, na mwishoni mwa majira ya joto yalikuwepo maua ya rangi ya chungwa, yamening'inia kama hereni. Vifuko vyake vya mbegu ukivigusa vinapasuka na kurusha mbegu. Aliyaita maua ya kiherehere. Alisema kwao kwenye vijito yapo yanayofanana nayo. Alivibonyeza vifuko kimoja kimoja, mtu mzima, na mimi namwambia twende, foleni itatukuta. Hilo la kumharakisha nalikumbuka sana.

Alifariki Januari. Arobaini ilipopita nikataka kumtolea sadaka ya maji, ile ambayo thawabu yake humfikia marehemu kila mtu anapokunywa. Wenzangu huchimbisha visima nyumbani, mimi sikuwa na uwezo huo. Nikaikumbuka chemchemi yake. Majani yalikuwa yameisonga hadi kwenye bomba. Nikaamua kuisafisha.

Nilikwenda Aprili na shemeji yangu, kaka wa marehemu, ambaye kazi yake ni kuegesha magari hotelini. Yeye aliondoka milimani akiwa mdogo, tukakulia mtaa mmoja Tanga. Kwetu uwanja safi ni ule uliofagiwa mpaka udongo ukaonyesha alama za ufagio, na ndivyo tulivyofanya. Tulifyeka kwa panga, tukakwangua kwa reki, tukang'oa miche midogo ya majani ya mviringo iliyojaa kando ya maji kama zulia. Kufikia adhuhuri palikuwa peupe. Shemeji akapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia, pamoja na ile ya kabla. Dua zikaanza kuingia hapo hapo. Nilijisikia vizuri, mara ya kwanza tangu mazishi. Siwezi kusema uongo.

Tulikuwa tunanawa mikono alipofika mama mmoja wa Kizungu, mkubwa kwetu kwa umri, na ndoo na glavu zake. Aliutazama ule udongo, akalitazama na rundo letu. Akauliza kama tumemwona aliyefanya hivi.

"Shemeji, sema tumekuta hivi," shemeji akaninong'oneza. "Tubebe madumu twende."

Ingewezekana. Reki na panga vilikuwa vimesharudi kwenye buti la gari. Lakini kazi ile nilikuwa nimeianza kwa jina la mke wangu, nikaona siwezi kuimaliza kwa uongo.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilitaka kusafisha kwa ajili ya mke wangu. Amefariki."

Hakufoka. Akakaa kwenye jiwe lile lile alilokuwa akikaa mke wangu. Kisha akaeleza kwamba yeye na wenzake wachache wameitunza mimea ya pale kwa miaka mingi, na kwamba mizizi yake ndiyo inayoshika tope lisichafue maji. Akaokota mche mmoja kwenye rundo. Huu, akasema, mwezi wa nane ungetoa maua ya rangi ya chungwa, na vifuko vyake ukivigusa vinapasuka.

Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimemsikia. Miaka yote ile nilikuwa nikiangalia madumu. Ua lile nililijua likiwa limechanua tu.

Hakuniambia kwamba si kitu, na nashukuru hakuniambia. Alituonyesha mmea unaopaswa kung'olewa, wenye harufu ya kitunguu saumu. Uliletwa na watu kutoka ng'ambo, na sasa unaisonga mimea ya hapa.

"Kumbe wanaong'olewa ni wageni," shemeji akasema kwa Kiswahili. "Usimwambie tumetoka wapi."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Tulirudishia miche tuliyoweza na kuimwagilia, lakini mingi ilikuwa imeshanyauka.

Asubuhi yake nilimpigia mama mkwe, Lushoto. Nikamwambia ile picha isimfurahishe, nikamweleza yote.

"Niliona, baba," akasema. "Huku kwetu kando ya chemchemi panga halifiki. Lakini nitamkosoaje mkwe aliyefiwa? Nikaitikia amina pamoja na wenzangu."

Akauliza kama kuna yaliyobaki. Nikamjibu sijui.

Tangu hapo naenda Jumamosi moja kila mwezi kung'oa kile ninachoonyeshwa, na yule mama hukagua mikono yangu kabla sijatupa kitu. Mwishoni mwa Agosti nilikuta mashina machache yamechanua nyuma ya jiwe, mahali ambapo reki haikufika. Pale katikati tulipokwangua bado ni udongo mtupu.

Nilisubiri vifuko viive. Septemba, baada ya kumwomba yule mama ruhusa, nilivibonyeza kimoja kimoja, mbegu zikirukia kwenye ule udongo, huku nikijirekodi kwa simu. Sikuwa na haraka. Video nikamtumia mama mkwe.

Akajibu kwa ujumbe wa sauti. "Kuna vingine umeviacha upande wa kushoto, baba."

Nilikuwa bado sijaondoka. Nikarudi nikavibonyeza.